Nyanya za Njombe na Makambako: faida huanzia ndani ya mbegu

Mnunuzi wa nyanya anayefika Makambako kutoka Dar es Salaam hukuta mji uliokaa mahali pake kibiashara. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi mwaka 1976, ina stesheni hapo hapo. Njombe mjini ni mwendo wa kilomita kama 60 tu. Usafiri haumsumbui mtu mwenye fedha mkononi.

Taabu huanza baada ya kupakia. Kutoka Makambako hadi soko la Ilala ni zaidi ya kilomita 600, kupitia Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro. Nyanya hutoka kwenye baridi ya nyanda za juu na kushuka hadi joto la pwani, zikiwa zimebanwa ndani ya tenga, tenga juu ya tenga.

Hesabu yake ni nyepesi. Aliyepakia matenga 100 akafikisha 90 mazima, lazima auze kila tenga kwa bei ya juu kwa asilimia 11 ili arudishe fedha ile ile. Akifikisha 80, nyongeza inakuwa asilimia 25. Akifikisha 70, nyongeza inakaribia asilimia 43. Dalali wa Ilala hapangi bei kwa kuangalia hasara ya aliyeleta mzigo. Anaangalia ni malori mangapi yameingia alfajiri hiyo.

Hasara hiyo ikitokea, wafanyabiashara huitafutia sababu kwenye tairi, dereva, mvua au dalali. Sababu hizo ni za kweli. Lakini iko sababu nyingine inayotangulia zote, nayo hukaa ndani ya pakiti ya mbegu miezi mitatu au minne kabla lori halijaitwa. Ni jeni za mche: zinazoamua jani litatengeneza sukari kiasi gani, mche utakua hadi wapi, tunda litapokea nini, na litakaa siku ngapi kabla ya kulainika.

JANI NI KIWANDA, TUNDA NI MTEJA

Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa nyanya ni maji. Kilichobaki ni sukari, asidi, nyuzinyuzi na rangi, na karibu chote asili yake ni hewa na mwanga. Jani hufungua matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, huingiza hewa ya kaboni dioksidi, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa sukari. Kazi hiyo, ambayo vitabu vya shule huiita usanisinuru, hufanyika ndani ya chembechembe za kijani zinazoitwa kloroplasti.

Fundi mkuu wa kiwanda hicho ni kimeng'enya kinachoitwa rubisko. Ni fundi wa polepole: hushika molekyuli chache tu za kaboni dioksidi kwa sekunde, na mara kwa mara hukosea akashika oksijeni, jambo linalougharimu mche sukari uliyokwisha kuipata. Makosa hayo huongezeka joto linapopanda. Hapo ndipo mchana wa wastani wa nyanda za juu unapokuwa mtaji: jua ni kali la kutosha, lakini jani halichemki.

Watafiti wa nchi mbalimbali walichapisha ramani kamili ya urithi wa nyanya mwaka 2012. Ilionekana kuwa nyanya ina jozi 12 za kromosomu na jeni zipatazo 35,000. Maelekezo ya kutengeneza rubisko yamegawanyika sehemu mbili. Jeni ya kipande kikubwa imo ndani ya kloroplasti yenyewe, na kloroplasti hurithiwa kutoka kwa mche wa mama. Jeni za kipande kidogo zimo kwenye kromosomu, ambazo hutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo anayetengeneza mbegu chotara huamua mapema mzazi yupi awe mama na yupi awe baba.

Hata hivyo, jani kubwa na la kijani si dhamana ya mavuno. Sukari ya jani husafirishwa kwenda kwenye mizizi, machipukizi, maua na matunda. Tunda lisipoipokea, sukari hujaa kwenye jani na kazi ya usanisinuru hupungua, kama kiwanda kinachopunguza zamu kwa sababu ghala limejaa. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wamepata mafanikio makubwa zaidi kwa kubadili ukuaji wa mche na uwezo wa tunda kupokea, kuliko kwa kubadili jani lenyewe.

BARIDI YA NJOMBE INA BEI YAKE

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako iko zaidi ya mita 1,600. Kwa kawaida joto hupungua kiasi cha digrii 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo miji hii miwili iliyo jirani hutofautiana kwa kama digrii mbili. Kwa mtu ni tofauti ya kuongeza sweta. Kwa nyanya inaweza kuwa tofauti ya kufunga tunda na kudondosha ua.

Asili ya nyanya ni magharibi ya Amerika ya Kusini, na aina zinazolimwa hazikuzoea baridi. Usiku unaposhuka kuelekea digrii 10, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Mbaya zaidi ni asubuhi ya Juni au Julai ambapo anga ni jeupe na jua linatoka wakati jani na udongo bado ni baridi. Jani hupokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, na mitambo ya usanisinuru huharibika. Mizizi iliyopoa haivuti maji ya kutosha, ilhali matundu ya jani yameachwa wazi. Mche hunyauka huku udongo una unyevu.

Wakulima wa Njombe hutegemea sana vinyungu wakati wa kiangazi, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu. Maji yako huko, lakini hewa baridi nayo huteremka na kutuama huko huko usiku. Mkulima wa kinyungu hupata maji kwa kulipia baridi.

Nyanya pori inayoitwa kitaalamu Solanum habrochaites, inayoota kwenye milima ya Andes hadi zaidi ya mita 3,000, ina dawa ya tatizo hilo. Mizizi yake ikipoa, hufunga matundu ya jani mapema na kuokoa maji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ulionyesha kuwa sehemu muhimu ya tabia hiyo inakaa kwenye kromosomu ya 9. Sehemu hiyo inaweza kuingizwa kwenye nyanya ya kulimwa kwa kupandisha na kuchagua kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo ni ya miaka, kwa sababu jeni nzuri ya porini huja pamoja na majirani zake wabaya, kama vile tunda dogo, la kijani na chungu.

Kwa mnunuzi, somo la baridi liko kwenye kalenda. Shamba la juu Njombe hukawia kuivisha kuliko shamba la aina ile ile lililoko upande wa chini wa Wanging'ombe unaoelekea bonde la Usangu. Anayesaini makubaliano ya tarehe ya mzigo kwa kutumia siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, bila kuongeza siku za baridi, atalipia lori litakalosubiri nyanya za kijani.

FUPI AU NDEFU: SUALA LA MZUNGUKO WA FEDHA

Wakulima huzigawa nyanya katika aina fupi na aina ndefu. Tofauti hiyo karibu yote inatokana na jeni moja. Mwaka 1914 katika jimbo la Florida, Marekani, ulionekana mche wa nyanya ulioacha kurefuka wenyewe. Jeni iliyobadilika ilipewa jina linalomaanisha kujipogoa, na kwa kifupi huandikwa SP. Muundo wake ulifahamika mwaka 1998.

Mche wenye jeni ya SP iliyo nzima huendelea kurefuka na kutoa vishada vya maua bila kikomo, mradi hali ya hewa iruhusu. Mche uliorithi mabadiliko hayo kutoka kwa wazazi wote wawili hufupisha nafasi kati ya vishada, kisha ncha yake hugeuka ua na ukuaji husimama. Matunda yake huiva karibu kwa wakati mmoja. Roma VF, Cal J na Tanya ni za kundi hili la fupi. Moneymaker na Anna F1 ni za kundi la ndefu.

Mfanyabiashara aone hapa aina mbili za mtiririko wa fedha. Nyanya fupi hurudisha mtaji haraka, hujaza lori kwa michumo michache, na haihitaji fito nyingi. Lakini mzigo wote huingia sokoni katika wiki chache, na kama wakulima wa bonde zima wamepanda wiki moja, bei huporomoka wakati wote wanavuna. Nyanya ndefu huhitaji fito, kamba, kupogolewa na mbolea ya muda mrefu, ila huchumwa kidogo kidogo kwa miezi. Mwenye mkopo wa kulipa kwa mkupuo huelekea kwenye fupi. Mwenye mteja wa kila wiki, kama hoteli, shule au genge kubwa la mjini, anafaa ndefu.

Jeni nyingine ya ukuaji imewafundisha wazalishaji wa mbegu jambo lisilotarajiwa. Jeni inayoitwa SFT hutengeneza ujumbe unaotoka kwenye jani na kuliambia chipukizi litoe maua. Mwaka 2010 watafiti Uri Krieger, Zachary Lippman na Dani Zamir walichapisha matokeo kuwa mche fupi wenye nakala moja nzima ya SFT na nyingine iliyoharibika huzaa kuliko wazazi wote wawili, na katika baadhi ya majaribio nyongeza ilifikia asilimia 60. Nakala zote mbili zikiwa nzima, mche fupi husimama mapema mno. Zote mbili zikiwa mbovu, mche haupati maua ya maana. Nusu kwa nusu, mche huongeza vishada kabla ya kusimama. Faida hiyo ipo kwa chotara tu, na chotara huyo hawezi kuirithisha yote kwa watoto wake.

SOKO LILIPOUZA UTAMU

Malalamiko ya mama wa nyumbani kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha yana ukweli ndani yake, na soko lenyewe limo katika lawama.

Nyanya za asili, kabla hazijaiva, huwa na mabega ya kijani kibichi karibu na kikonyo. Mabega hayo wakati mwingine hubaki ya manjano au magumu tunda linapoiva, na mnunuzi hulikataa. Kuanzia takriban miaka ya 1930 wazalishaji wa mbegu walichagua miche ambayo matunda yake mabichi ni ya kijani hafifu kote na huiva nyekundu moja. Wasafirishaji walifurahi kwa sababu ilikuwa rahisi kujua lini kuchuma. Viwanda vilifurahi kwa sababu rangi ilikuwa sawa. Sifa hiyo ikaenea karibu katika aina zote za biashara duniani.

Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Ann Powell wa Davis, California, ulioonyesha kilichokuwa kimetokea. Rangi ile sawa ilitokana na kuharibika kwa jeni iitwayo GLK2, iliyoko kwenye kromosomu ya 10. Kazi ya jeni hiyo ni kujenga kloroplasti ndani ya tunda bichi. Tunda lenye GLK2 nzima hujitengenezea sehemu ya sukari yake lenyewe, juu ya ile inayoletwa na majani, na likiiva huwa na sukari zaidi pamoja na malighafi ya rangi nyekundu. Herufi moja tu iliyoongezeka kwenye maandishi ya jeni hiyo ilitosha kuifanya isifanye kazi.

Kwa miaka kama 70, kila mnunuzi aliyechagua tenga la rangi sawa na kuliacha la mabega ya kijani alikuwa anapiga kura. Hakujua kwamba anapigia kura sukari kidogo. Mizani ya soko haikuwa na mahali pa kupimia utamu, na kilichokosa kipimo kilikosa mtetezi.

Upo mwanya kwa mwekezaji mdogo hapa. Anayeuza kwa hoteli au kwa wateja wanaolipia ladha anaweza kutafuta kwa makusudi aina zenye mabega ya kijani. Lakini asizipeleke Ilala akitegemea bei ya ziada. Mnunuzi wa jumla bado anaangalia rangi na ugumu.

KIWANDA HUNUNUA SUKARI, HULIPIA MAJI

Mkoa jirani wa Iringa una viwanda vya kusindika nyanya, na majina ya Dabaga na Redgold yanafahamika madukani. Msindikaji wa nyanya ana hesabu tofauti na ya dalali. Yeye hupika maji yatoke ili kibaki kile kizito, kinachopimwa kwa kipimo cha briksi.

Chukua mfano wa nyanya ya kopo ya briksi 28. Kama nyanya mbichi ina briksi 4.5, zinahitajika tani 6.2 hivi kupata tani moja, bila kuhesabu maganda na mbegu. Kama nyanya mbichi ina briksi 5.5, zinahitajika tani 5.1. Tofauti ni zaidi ya tani nzima ya nyanya, pamoja na usafiri wake na nishati ya kuchemshia maji yake. Kwa kiwanda, briksi moja ni fedha nyingi. Mkulima haoni fedha hiyo pale bei inapokuwa ya kilo tu.

Jeni za sukari nazo zimefahamika. Nyanya pori ya Peru iitwayo Solanum pennellii huzaa tunda dogo la kijani ambalo hakuna angelinunua. Dani Zamir na wenzake wa Israeli waliivunja vunja ramani yake vipande vipande na kuvipandikiza kimoja kimoja kwenye nyanya ya kiwandani kwa njia ya kupandisha tu. Kipande kimoja kilipandisha briksi. Mwaka 2004 ilithibitishwa kuwa chanzo ni jeni iitwayo LIN5, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari inapofika kwenye tunda. Toleo la porini hufanya kazi kwa kasi zaidi, hivyo tunda huvuta sukari nyingi kutoka kwenye jani lile lile. Jani halikuongezwa. Kilichoongezeka ni nguvu ya mteja.

Kundi la wakulima linalotaka mkataba na msindikaji lina sababu ya kuomba kipimo cha briksi kiwe sehemu ya bei. Kifaa chake ni kidogo cha mkononi na hupima kwa tone la maji ya nyanya.

UGUMU WA TUNDA NA SAFARI YA KITONGA

Nyanya ikianza kuiva hutoa hewa ya ethilini, ambayo huharakisha kuiva kwake na kwa jirani zake ndani ya tenga. Kuna jeni iitwayo RIN inayofungulia mlango wa kuiva. Mabadiliko yake yalielezwa mwaka 1968. Mche wenye nakala mbili zilizobadilika huzaa tunda lisiloiva kabisa. Mche wenye moja iliyobadilika na moja ya kawaida huzaa tunda linaloiva polepole na kukaa muda mrefu zaidi. Aina nyingi za chotara zinazosifiwa duniani kwa kudumu sokoni zilijengwa juu ya nusu hiyo, na gharama yake ni kwamba ladha na rangi hupungua kwa kiasi fulani.

Historia ina onyo kwa wanaodhani kudumu peke yake kunatosha. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya Marekani iliuza nyanya ya kwanza ya uhandisi jeni, Flavr Savr, iliyokusudiwa kukaa muda mrefu bila kulainika. Gharama za uzalishaji na usafirishaji zilizidi mapato, na baada ya miaka michache haikuwepo tena sokoni. Tatizo lilikuwa mahesabu ya kawaida ya shamba, lori na ghala.

Hapa nchini, aina za Tanya na Tengeru 97 zilitolewa mwaka 1997 kwa ushirikiano wa kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, na kituo cha kimataifa cha mboga kilichokuwa kikiitwa AVRDC. Zilipendwa na wasafirishaji kwa sababu ganda lake huvumilia safari kuliko Moneymaker. Zote mbili si chotara, jambo lenye maana kubwa kwa mfuko wa mkulima.

F1 NA MBEGU YA KUBAKIZA

Mbegu chotara, yaani F1, hugharimu mara nyingi zaidi ya mbegu ya kawaida. Kwa hiyo hutokea mkulima akabakiza matunda mazuri, akakausha mbegu zake na kupanda msimu ujao, au akawauzia majirani kwa jina lile lile la F1. Mnunuzi anayetoa fedha shambani kabla ya mavuno lazima ajue kinachofuata.

Jeni huja mbilimbili. Chotara mwenye nakala moja ya sifa ya kukaa muda mrefu, akijichavusha mwenyewe kama nyanya inavyofanya, huzaa watoto wa makundi matatu: robo hupata nakala mbili, nusu hupata moja kama mzazi, robo hawapati kabisa. Kwa jeni ya RIN hiyo ni kusema robo ya miche huzaa matunda yasiyoiva, na robo nyingine matunda yanayolainika upesi. Sifa zikiwa mbili za namna hiyo, miche inayofanana na mzazi kwa zote ni robo tu. Zikiwa tatu, ni moja kwa nane. Katika miche 1,000, inayofanana na F1 iliyosifiwa ni kama 125. Iliyobaki ni mchanganyiko unaoiva siku tofauti na kuoza siku tofauti ndani ya tenga moja.

Mambo si hivyo kwa Tanya, Tengeru 97 au Cal J. Hizo zimetulia, na mbegu ya tunda lenye afya huzaa inayofanana na mama yake.

Ni vyema pia kuondoa hofu moja. F1 si uhandisi jeni. Ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa, aliyepatikana kwa mkono wa mtu kuhamisha chavua kutoka ua hadi ua.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 iliweka mbegu za biashara chini ya uthibitisho, na taasisi ya TOSCI ndiyo yenye kazi hiyo. Lebo ya TOSCI na risiti ya duka ni nyaraka za biashara kama zilivyo leseni na hati ya mzigo. Mnunuzi anayetoa malipo ya awali ana haki ya kuziona.

UGONJWA HULA JANI KWANZA

Njombe ni nchi ya viazi mviringo, na nyanya ni ndugu wa kiazi. Bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda baridi na unyevu, hushambulia zote mbili na huweza kutoka shamba la viazi hadi la nyanya kwa siku chache. Jani likioza, kiwanda kimefungwa. Jeni za kinga zinazoitwa Ph-2 na Ph-3 zilipatikana kwenye nyanya pori yenye matunda madogo kama zabibu, na zimeingizwa katika baadhi ya aina za biashara. Hupunguza makali ya ugonjwa, ila hazifuti haja ya kupulizia dawa.

Mdudu Tuta absoluta, aliyeonekana nchini mwaka 2014 na kupachikwa na wakulima jina la kanitangaze, hula nyama ya jani akiwa ndani, kati ya ngozi mbili, kisha huingia kwenye tunda. Hakuna pakiti inayoahidi kinga kamili dhidi yake. Herufi zilizoandikwa baada ya jina, kama V na F za Roma, ni za magonjwa ya mnyauko tu. Anayezisoma kama kinga ya kila kitu anajidanganya.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi makini anayekwenda Makambako au Njombe ana maswali matano ya kuuliza shambani, na yote hujibiwa kabla ya mazungumzo ya bei.

Kwanza, aina ni ipi, na pakiti au lebo iko wapi. Pili, kama ni F1, je, ni mbegu ya dukani au ya kubakiza. Tatu, ni fupi au ndefu, na michumo mingapi inatarajiwa. Nne, shamba liko mwinuko gani, na maua yalifunguka mwezi gani, ili siku za baridi zihesabiwe. Tano, mzigo unakwenda Ilala, kiwandani au kwa mteja wa ladha, kwa sababu kila soko hulipia jeni tofauti.

Baada ya hapo yapo mambo ya kawaida ambayo hakuna mbegu itakayoyafanya kwa niaba ya mtu. Nyanya ichumwe inapoanza kubadili rangi, ikae kivulini ipoe, zilizoiva na mbichi zisichanganywe, na tenga lisijazwe hadi matunda ya chini yakapasuka.

Mbegu bora hununua siku chache za ziada barabarani na kilo chache za ziada kwa kila mche. Siku hizo ni mali ya mfanyabiashara akizitumia vizuri. Akizipoteza kwa kulaza lori Makambako akisubiri bei ya mkulima ishuke, mzigo utakaofika Ilala utauzwa kwa bei ya nyanya zilizochoka, hata kama ulitokana na mbegu ghali kuliko zote.